Ticha Aliyenifundisha Kusimama Mlangoni

Ukuta kati ya nyumba yetu na ya Ticha, pale Bondeni, ulikuwa mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya, mama yangu humwambia pole bila kuacha kukata mboga ya sukuma. Nyumba za kansoli, zile za baraza la mji, ndivyo zilivyo. Tulijua anapika nini, anasikiliza redio gani, na kwamba Jumapili alasiri huongea peke yake kwa sauti ya kumkemea mtu. Kwa miaka mingi nilidhani sisi ndio tunaomsikia. Haikunijia kwamba ukuta una pande mbili, na kwamba upande ule kulikuwa na mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza watoto tangu kabla sijazaliwa.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza Form Four, na matokeo yalikuwa yamenimaliza mimi. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyumbani na niliifanya kwa bidii. Sijui mtu mwingine mtaani aliyekaa nyumbani vizuri kuliko mimi. Dada yangu alikuwa kwenye mashamba ya maua huko Naivasha, anaishi chumba kimoja Karagita, na mtoto wake alikuwa ametuachia sisi. Mama akienda sokoni, mtoto alibaki wangu. Nilimlisha, nikambadilisha nepi, nikamwimbia nyimbo nilizotunga mwenyewe, nyingi zikimhusu mbuzi aliyekataa kuoga. Ningejua kuna mtu anasikia, ningemwacha mtoto alie.

Ticha alibisha mlango wetu mchana mmoja, akasimama kizingitini na aproni yake ya shule, akauliza ni nani huimba humu.

Nikamwambia ni redio.

"Redio haisimami katikati ya wimbo kuuliza kama umekojoa," alisema. "Jumatatu uje shule. Nahitaji mtu wa kunisaidia na Bebi klasi, na wewe sioni mahali unaenda."

Mama aliporudi na kusikia, alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akasema angalau ni karibu na nyumbani. Hivyo ndivyo nilivyoingia ualimu: kwa sababu ilikuwa karibu.

Shule yenyewe ilikuwa ukumbi wa kukodi, mabati juu, saruji chini, na uwanja wa vumbi ambao mwezi wa pili upepo wa Nakuru ukianza huwezi kuona geti. Ticha alikuwa mfupi na mpana, na alitembea kama mtu anayesukuma toroli isiyoonekana. Aproni yake ilikuwa na mifuko minne. Ndani ya mifuko hiyo ungepata chaki, vifungo vya sweta, pini, karatasi ya kupangusa pua, na mara moja nilipomtafutia kalamu nilipata jino la mtoto limefungwa vizuri ndani ya karatasi. Aliniambia nilirudishe taratibu, mwenyewe atakuja kulichukua kesho.

Wengine wakifundishwa ualimu hupewa vitabu. Mimi nilipewa kiti. Kilikuwa kiti kidogo cha rangi ya kijani, cha mtoto wa miaka mitatu, na Ticha aliniambia nitakaa hapo mpaka atakaponiambia nisimame. Nilidhani ananitania. Wiki hiyo yote nilikuwa mtoto wa Bebi klasi. Magoti yangu yalifika masikioni. Nilikunywa uji kwa kikombe cha plastiki pamoja na wengine, nikapanga foleni ya kunawa mikono nyuma ya msichana aliyeitwa Salma, ambaye alinionya nisisukume. Nikitaka kwenda choo niliinua mkono na kuomba ruhusa, na Ticha alinijibu ningoje Baraka arudi. Saa ya kulala nililala kwenye mkeka, miguu ikitokezea upande wa pili, na mzazi aliyekuja mapema kumchukua mtoto wake akasimama dirishani akiuliza huyo ni nani amezimia.

Siku ya mwisho ya wiki Ticha aliniuliza nimeona nini kutoka chini huko. Nikajibu kwa hasira kidogo kwamba nimeona matundu ya pua yake.

"Vizuri," alisema. "Wao pia ndiyo wanaona kila siku. Sasa ukiinama kuongea na mtoto utajua ni kwa nini."

Hakuwahi kupaza sauti darasani. Kelele zikipanda, yeye alishusha, mpaka ikabidi watoto wanyamaze ili wasikie anasema nini, na kwa kawaida alikuwa anasema kitu kizuri ambacho hungependa kukikosa, kama vile leo kuna ndizi. Alinifundisha hilo na nikalijua haraka, kwa kuwa mimi mwenyewe sikupenda kusikika. Lakini mwanamke huyo huyo akitoka nje ya geti, mwenye kuleta maji alimsikia akiwa bado mtaa wa tatu. Mwenye ukumbi alimpigia simu badala ya kuja. Nilimwuliza mara moja mbona hao wengine hawashushii sauti, akasema hao hawana ndizi ya kungoja.

Alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Alikataza kabisa mashindano kati ya watoto, hata ya nani atamaliza uji kwanza, lakini siku ya kufunga shule alitaka watoto wetu waimbe kuwashinda wa akademi ya jirani, na akasogeza mazoezi nje kabisa karibu na ua wao. Aliwaambia watoto chakula huliwa pamoja, na mara mbili nilimkuta stoo amegeukia ukuta na andazi. Aliwatisha mabawabu na mafundi, lakini aliogopa vyura. Mvua za mwezi wa nne zikianza, chura mmoja huingia ukumbini, na Ticha hupanda juu ya kiti cha kijani na kuita kwa sauti ile ile ya chini, "Mwalimu, kuja utoe mnyama." Ndiyo mara ya kwanza aliniita mwalimu. Nilimtoa chura kwa heshima kubwa.

Watoto wenyewe hawakuniita mwalimu. Kwao Ticha alikuwa mmoja tu, na mtu mzima mwingine yeyote aliyeingia pale, hata dada wa jikoni, aliitwa Madam. Nilipokuja, walinitazama kutoka chini, wakaona ni mrefu, wakaniita Madam Mrefu. Nilijaribu kuwarekebisha, kwamba mwanaume haitwi Madam. Ticha akaniambia nipunguze, wanaweza kunichagulia baya zaidi.

Ndani ya ukumbi haikunisumbua sana. Shida ilikuwa kamba.

Saa ya kwenda nyumbani, watoto ambao wazazi wao wako kazini tuliwapeleka sisi wenyewe. Ticha alikuwa na kamba nene yenye mafundo, na kila mtoto alishika fundo lake, wakaenda mstari mmoja kupitia mtaani, wakiachwa mlango hadi mlango. Yeye alikuwa mbele, mimi nyuma. Kisha goti lake likaanza kumsumbua, nikawa mbele peke yangu, na dada wa jikoni nyuma. Njia yetu ilipita mahali pa kuosha magari, na hapo ndipo vijana wote niliosoma nao walikaa. Mimi nilivuta kofia mpaka machoni na kutembea kama mtu ambaye kamba imemfuata tu.

Siku moja, katikati kabisa ya hao vijana, Salma akapaza sauti kwamba Madam Mrefu, kiatu kimefunguka. Kamba ikasimama. Nikachuchumaa nikafunga kiatu. Nyuma yangu nikasikia Brayo, niliyecheza naye mpira tangu utotoni, mimi nikiwa golikipa kwa sababu golikipa hahitaji kukimbia.

"Madam," alisema, "na mimi changu kimefunguka."

Walicheka mpaka mmoja akaacha maji yakimwagika. Kutoka siku hiyo jina likawa langu mtaa mzima. Nikienda kununua mkate, "Niaje, Madam." Nikipita na mama, "Sasa, Madam, na mathe wako mzima?" Mama naye alijibu ni mzima, bila aibu yoyote, kana kwamba amezaa Madam kwa kukusudia.

Nilimwambia Ticha sitashika kamba tena. Hakubishana. Kesho yake alichukua kamba mwenyewe, na goti lake hilo, nami nikarudishwa nyuma. Tulipofika kwa waosha magari akasimamisha mstari, akawapa watoto nafasi ya kutazama gari likioshwa, na akawauliza waliokuwa hapo mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kama wanakumbuka nani aliwafundisha kufunga viatu. Wengi wao walikuwa wamepita mikononi mwake. Brayo alikuwa amepita. Brayo zaidi ya hayo alikuwa na binti yake mwenyewe kwenye fundo la tatu, Precious, ambaye alimpungia baba yake mkono kwa furaha. Ilibidi naye apunge, kitambaa cha sabuni kikidondoka.

Nilidhani basi tatizo limeisha. Ticha aliniambia neno ambalo alipenda kulisema, kwamba mtoto hazaliwi na aibu, aibu ni kitu hufundishwa, na hapa kwake haifundishwi.

Na kweli kwa watoto haikufundishwa. Hili nataka kulieleza vizuri kwa sababu ndilo lililonifanya nimpende. Mtoto akijikojolea darasani, Ticha hakusema kitu. Alichukua kikombe cha maji, akapita karibu, akamwaga sakafuni, akasema, "Aa, Ticha amemwaga maji, tazameni Ticha alivyo," na wote wakamcheka yeye. Kisha akamshika mkono yule aliyelowa, akampeleka stoo, akambadilisha nguo kutoka kwenye boksi la nguo za akiba, na anaporudi hakuna aliyejua. Niliona akifanya hivyo tangu nikiwa kwenye kiti changu. Sijui mtoto mmoja aliyewahi kuitwa kikojozi pale. Baadaye aliniachia mimi pia niifanye, na nilikuwa mzuri, hata kwa kumwaga maji. Watoto waliamini kabisa mikono yangu haina nguvu.

Siku ya Precious, Ticha alikuwa getini akigombana na mwenye maji. Precious alijikojolea wakati wa kuchora. Nilimwaga kikombe changu, nikachekwa, nikampeleka stoo, nikambadilisha. Kwenye boksi kulikuwa na kaptura moja tu ya kumtosha, na sikuangalia mbele ni wapi. Alienda nyumbani na kaptura imegeuzwa nyuma mbele.

Asubuhi iliyofuata Brayo alikuja na mtoto wake. Wazazi wengine walikuwa pale getini, akina mama wengi, baba wachache. Nilimwona anakuja nikajiandaa kwa utani. Hakutania. Hakunitazama hata. Alimwendea Ticha, akaongea akitazama chini, na sauti yake ilikuwa ya adabu kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Ticha, mimi simaanishi kitu. Lakini mtoto msichana abadilishwe na mwanaume? Huko stoo, wawili tu?"

Nilingoja acheke. Kisha nikaona mama mmoja amemvuta mtoto wake karibu, si kwa nguvu, kidogo tu, vile unavyomvuta mtoto bodaboda ikipita. Nilimgeukia Ticha. Mwanamke huyu alinijua tangu nikiwa sina meno. Alinisikia kupitia ukutani miaka yote hiyo, nikiimba, nikiharisha, nikilia nilipofeli. Nilitaka aseme maneno mawili tu: huyu namjua. Sikutaka hata apaze sauti.

Ticha alimtazama Brayo, akanitazama mimi, akawatazama watoto. Akasema, "Kuanzia leo hatawabadilisha wala kuwapeleka choo. Itakuwa mimi au dada wa jikoni. Haya, uji unapoa."

Ndiyo yote. Wazazi wakaenda kazini.

Nataka kusema kitu kuhusu aibu ile kwa sababu watu hufikiri aibu ni ya mtu aliyekosa. Mtu aliyekosa ana pa kuanzia: anaomba msamaha, analipa, anahama mtaa. Mimi sikuwa na pa kuanzia. Nilishinda siku nzima nikikumbuka nilivyomvua yule mtoto nguo, nikitafuta kama kuna kitu kibaya nilichofanya bila kujua, na kila nilipokosa kukipata niliona haya zaidi. Hata nyumbani, dada yangu alipokuja mwisho wa mwezi na kuniambia nimbadilishe mtoto, nilimwambia mikono yangu inauma.

Nikaacha kwenda shule. Mama aliuliza kama nimefutwa. Nikasema nimepumzika. Akauliza nilichoka lini. Kwa kawaida ningemjibu, lakini niligeukia ukuta, nikakumbuka nani yuko upande wa pili, nikageukia dari.

Jioni moja Ticha alibisha, akasimama pale pale kizingitini. Akasema watoto wanauliza Madam Mrefu yuko wapi, na kwamba Salma amewaambia nimekufa, kwa hiyo ni vizuri nije kuwaonyesha. Nikamwuliza jambo moja tu.

"Unaniamini?"

Alitazama sukuma ya mama kwenye sinia.

"Kesho tunakanda unga wa rangi wa watoto kufinyanga," alisema. "Siwezi kukanda peke yangu na goti hili."

Unga haukandwi kwa goti. Nilijua hivyo, naye alijua nimejua. Nilirudi. Ningependa kusema nilirudi kwa ujasiri, lakini ukweli ni kwamba kazi nyingine yoyote ingekuwa mbali.

Kuanzia hapo mafunzo yangu yakawa ya aina nyingine. Ticha alinifundisha kusimama mlangoni. Alinionyesha sehemu yenyewe, hatua moja ndani, mahali ambapo mtu aliye nje ananiona na watoto walio ndani wananiona. Mlango wazi daima, hata kukiwa na vumbi. Mtoto akilia, nichuchumae nimsemeshe, lakini nikiwa pale palipo wazi. Mikono yako ionekane, aliniambia. Mtoto akikukumbatia mguu, na Bebi klasi wanakumbatia miguu mchana kutwa, usimsukume, atadhani amekosa. Inua mikono tu, ungoje, ataachilia. Kwa hiyo kila asubuhi mtu akipita pale angeona mwanaume mrefu mlangoni, mikono juu, watoto watano wamemng'ang'ania miguu, kama mtu aliyesimamishwa na majambazi wafupi sana.

Wazazi walizoea. Brayo alizoea, baada ya miezi alianza tena kuniita Madam, na nilishangaa jinsi nilivyofurahi kuitwa. Hatukuongea tena kuhusu lile jambo. Ticha naye hakuongea. Alinifundisha kila kitu kingine alichojua, hilo siwezi kumnyima: kukata karatasi bila kupima, kusoma hadithi kitabu kikiwa kimewageukia watoto na mimi nikiisoma juu chini, kujua mtoto mgonjwa kwa jinsi anavyoshika kikombe. Alinisukuma nikasomee cheti, jioni, na akanilazimisha nimalize. Lakini mtoto akijikojolea, nilikuwa namwaga maji kisha naita mwanamke. Na kupitia ukutani, sikumsikia tena akizungumza peke yake Jumapili. Labda aliacha. Labda mimi ndiye niliyeacha kusikiliza.

Alipostaafu alienda Kabazi, kwa kaka yake mwenye shamba. Ukumbi ukachukuliwa na fundi wa viti. Mimi nikapata kazi kwenye shule nyingine ndogo, upande wa pili wa mji, mbali na nyumbani kiasi kwamba mama alilia nilipoondoka, kisha akauliza kama atakodisha chumba changu. Nina Bebi klasi yangu sasa. Ninaitwa mwalimu. Mimi ndiye mwanaume pekee pale, na geti letu lina wazazi kama mageti mengine.

Muhula uliopita, siku ya kufungua, nilikuwa mahali pangu mlangoni nikipokea watoto wapya. Nikaona toroli isiyoonekana inasukumwa polepole kuvuka uwanja. Alikuwa na fimbo. Alikuwa amepungua, uso umeshuka, lakini viatu vilikuwa vimepigwa rangi. Mkono mwingine alikuwa na msichana mdogo wa sweta kubwa, ambaye baadaye Ticha alinieleza kuwa ni mtoto wa mpwa wake. Sasa Ticha anakaa nao mjini, kwa ajili ya goti na hospitali.

Sikujua nimwamkie vipi. Nikasema, "Shikamoo, Ticha," na akaitikia, akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu, akasema nimenenepa.

"Nimekuletea huyu," alisema. "Kuna shule mbili nimezipita nikija hapa."

Nilielewa alichokuwa ananiambia. Nilikuwa nimekisubiri miaka hiyo yote, na kilipofika nilikipokea kama risiti, sikujua nikiweke wapi. Nikainama nikamwuliza mtoto jina. Badala ya jina akasema anataka susu.

"Mpeleke," Ticha akaniambia.

Getini kulikuwa na wazazi, kama kumi hivi, wanaagana na watoto wao. Choo chetu kiko mwisho wa uwanja, mlango wake unaonekana na kila mtu. Nikasema nitamwita dada wa jikoni.

"Nimesema umpeleke wewe."

Nilitaka. Naapa nilitaka. Mtoto alikuwa anarukaruka mguu huu mguu ule, na mtu aliyenipa ruhusa alikuwa ndiye mtu pekee duniani ambaye ruhusa yake niliihitaji. Miguu ilikataa kutoka mlangoni. Nikaita jikoni. Dada akaja anapangusa mikono, akamchukua mtoto wakaenda.

Ticha aliegemea fimbo. "Kuna mtu amekulalamikia hapa?"

"Hakuna. Sijawapa nafasi."

Nikaongeza, kwa utani, kwa sababu siwezi kuacha, kwamba alinifundisha vizuri mno.

Hakucheka. Alianza kuongea kwa sauti ile ya chini, na ilibidi niiname kusikia.

"Mimi sikujua," alisema. "Asubuhi ile. Nilikuwa nimekusikia miaka yote, lakini kumsikia mtu si kumjua. Ningesema namjua huyu, kisha ikawa nimekosea, ningemwambia nini yule mtoto? Nilichagua wao. Hata leo ningechagua wao."

"Hata mimi, Ticha," nikasema. Na ilikuwa kweli. Kila mwaka ninapowatazama wale watoto najua ningesema maneno yale yale aliyosema yeye, neno kwa neno, mpaka na uji.

"Lakini jioni ilipofika nilipaswa kubisha mlango wako," aliendelea. "Siku hiyo hiyo. Nikuambie sijui, nikuambie si kwamba naamini ulikosa. Ilikuwa hatua ngapi, kutoka mlango wangu mpaka wenu? Nilikaa nikisikia mama yako akikuuliza mbona huli. Niliona haya kuja. Nikangoja mpaka niwe na unga wa kukanda."

Kwa miaka yote nilidhani upande wa pili kulikuwa na mtu aliyelala vizuri.

Mtoto alirudi akikimbia, amemwacha dada nyuma, mikono inadondoka maji. Ticha alimwambia huyu ndiye mwalimu wako, ukitaka kitu mwambie yeye. Mtoto hakuwa na maswali. Alikuja mpaka mlangoni akaweka mkono wake ndani ya wangu, umelowa, wa baridi, mdogo kabisa, akangoja niufunge.

Niliangalia getini kwanza, kuona nani anatazama. Ndipo nikaufunga.

Ticha aliona nilikoangalia. Akageuza fimbo yake, akaanza kuvuka uwanja, kichwa kimeinama kama mtu anayetafuta kitu vumbini, na hakumuaga mtoto.